Asilimia Tatu

Karatasi ya stika ina vyumba ishirini na kimoja,
vitatu kwa upana, saba kwenda chini,
na kila chumba nilikitafutia mpangaji wake:
KOROSHO ZA SOMOE, kisha uzito, kisha tarehe,
kisha NEWALA kwa wino mwekundu,
kama mtu anayetaja kwao kabla hajaulizwa.

Safu ya kwanza waliingia, wakakaa.
Safu ya tatu jina limekanyaga kizingiti.
Ya saba, Somoe amepanda kulala kwa jirani wa juu,
na jirani hana tena pa kuweka tarehe yake.

Nikabandika hivyo hivyo. Haraka ya kuuza.
Mchopa wa duka la stendi akageuza pakiti,
akasoma kwa sauti, wateja wanasikia:
"OROSHO. Mama, hii bidhaa au kitendawili?"
Nilicheka nao.
Nilirudi na pakiti thelathini kwenye beseni.

Dadi, mtoto wa dada, akasema mashine inaumwa.
Akabana vile vishikio vya karatasi,
akapepea stika zisigandane kwa ukungu wa asubuhi,
akapuliza ndani kama anayewasha mkaa.
Mimi nikasukuma maandishi chini, milimita nne:
wa chini wakatulia,
wa juu wakaanza kuhama.
Nikayarudisha. Nikayasukuma tena.
Karatasi sita za stika, na stika haziokotwi njiani.

Uniti zimebaki nne kwenye mita.
Nikachapa kwenye karatasi ya kawaida, ile ya bei ya chini,
nikaiweka mgongoni mwa stika,
nikazibandika zote mbili dirishani, jua likapita katikati.
Hapo nikaona.
Kona ya juu, mstari juu ya mstari, hakuna ugomvi.
Safu ya pili, unywele.
Ya nne, unene wa kucha.
Ya saba, ganda zima la korosho lingepita.
Kitu kilichosogea husogea chote kwa pamoja.
Hiki hakikusogea.
Hiki kimenywea.

Na neno lenyewe likaja, sikulitafuta,
likaja na harufu ya magunia:
unyaufu.
Nina miaka kumi, nimeshika kamba ya baiskeli,
baba mbele ya mzani wa ghala,
karani hainui uso:
"Mia moja. Toa tatu za unyaufu."
Na baba, kofia mkononi:
"Zimekauka saa ngapi, bwana?
Kutoka pale mwembamba wa njia hadi hapa?"
Karani akaandika tisini na saba.
Njiani baba alihesabu magunia kwa sauti,
akifika mwisho anaanza upya.

Nikafungua mipangilio, ukurasa baada ya ukurasa,
mpaka kile kisanduku kidogo
chenye tiki ambayo sikuiweka mimi:
*Tosheleza karatasi.*
Pembeni, kwa maandishi ya kujificha: 97.
Tangu siku nimeinunua, mashine hii
imekuwa ikinitoza tatu kila mia, kimya,
kwa nia njema, eti nisipitilize.

Nikafuta tiki. Nikaandika mia kwa vidole vyangu.
Nikachapa, nikapima kwa futi kamba ya cherehani,
safu ya kwanza, ya nne, ya saba.
K imesimama mlangoni kwake, miguu yote miwili.
Dadi akapiga mluzi.
Mita ikalia, giza, lakini karatasi ilikuwa imeshatoka.

Zile mbovu sikuzitupa, gundi yake nzima.
Mkebe wa chumvi jikoni unaitwa OROSHO,
wa majani ya chai vilevile.
Jumapili baba alikuja, akaomba chumvi,
akaushika mkebe mbali na macho, halafu karibu,
akasoma taratibu, akanitazama:
"K yetu kaichukua nani?"